Kapsuli za kahawa: ya nyumbani, ya ofisini, na ya kuiacha dukani

Anayetaka mashine ya kahawa ya kapsuli, yaani vile vikopo vidogo vilivyofungiwa kahawa ya kikombe kimoja kimoja, huanza kwa kutazama mashine yenyewe: rangi yake, bei yake, kama itaenea pale pembeni ya birika. Nakuomba uanze upande wa pili. Mashine utainunua mara moja. Kapsuli utazinunua kila mwezi kwa miaka, na mashine uliyochagua ndiyo itakayoamua uzinunue kwa nani. Kapsuli ya Dolce Gusto haiingii kwenye Nespresso. Ya Nespresso Original haiingii kwenye Vertuo, ingawa zote ni za kampuni moja. K-Cup ya Marekani haina pa kwenda ila kwenye Keurig na mashine zilizoundwa kwa kuifuata. Kwa hiyo jiulize kwanza: hapa ninapoishi, ni kapsuli gani naweza kuipata siku yoyote ya kawaida, bila kumsubiri mtu anayerudi kutoka safari?

La pili ni kikombe. Watu wa nyumba yako au wa ofisi yako hunywa kahawa ya namna gani? Aliyelelewa na kahawa chungu ya dele, ile inayonywewa kidogo kidogo barazani na kashata pembeni, hatashangaa akipewa mililita 40 za kahawa nzito. Aliyezoea kikombe kikubwa cha kahawa ya maziwa ataona amepunjwa. Nimeona ofisi zikinunua mashine nzuri sana ikaishia kuwekwa kabatini, na kahawa yake haikuwa na kosa lolote. Kikombe tu hakikuwa cha wale watu.

Vipimo vya aina kuu ni hivi:

| Aina | Kahawa iliyomo | Kikombe kinachotoka | Watengenezaji wa kapsuli |
|---|---|---|---|
| Nespresso Original | gramu 5 hadi 6 | ml 25, 40 au 110 | Nespresso na wengine wengi |
| Nespresso Vertuo | hutegemea ukubwa wa kapsuli | ml 40 hadi 230 na zaidi | karibu zote ni za Nestlé |
| Dolce Gusto | hutegemea kinywaji | kifupi hadi kikubwa, pamoja na vya maziwa | Nestlé na wengine kadhaa |
| K-Cup (Keurig) | gramu 9 hadi 12 | ml 180 hadi 300 hivi | wengi, Amerika Kaskazini |
| Podi za karatasi (Senseo, ESE) | gramu 7 hivi | Senseo kikombe cha kawaida, ESE kifupi | wengi, hasa Ulaya |

Nespresso Original

Hii ndiyo iliyoanza. Eric Favre, mhandisi wa Nestlé, aliandikisha hataza (haki ya kisheria ya mbunifu) ya wazo hilo mwaka 1976, na kampuni ya Nespresso ikaanzishwa mwaka 1986. Utaratibu wake ni rahisi kuueleza. Kahawa iliyosagwa inafungiwa ndani ya kikopo kidogo cha alumini kisichopitisha hewa. Ukifunga mkono wa mashine, sindano zinakitoboa nyuma. Pampu inasukuma maji ya moto kwa nguvu, na presha inapopanda uso wa mbele unapasuka kwenye bamba lenye vijipembe, kahawa inatoka na povu lake la rangi ya hudhurungi.

Kwa anayeishi Afrika Mashariki, mimi naipa Original nafasi ya kwanza kwa sababu moja kubwa, nayo haihusu ladha. Hataza zake za msingi zimekwisha muda, kwa hiyo kampuni nyingine zimeruhusiwa kutengeneza kapsuli za umbo hilo. Lavazza wanazo, illy wanazo, L'OR wanazo, Starbucks wanazo, na maduka makubwa mengi ya Ulaya na Ghuba yana za kwao. Duka moja likiishiwa au likipandisha bei, unahamia lingine bila kubadili mashine. Hakuna aina nyingine ya kapsuli inayokupa uhuru huo katika nchi ambazo bidhaa huingia kwa msimu na kupotea rafuni.

Kuna mambo mawili watu huyasoma vibaya kwenye maboksi. Ile namba ya ukali, kuanzia chini hadi kumi na kitu, haipimi kafeini. Inaeleza jinsi kahawa ilivyokaangwa, uzito wake mdomoni na uchungu wake. Anayenunua namba 12 akidhani itamkesha kuliko namba 5 anaweza kukuta tofauti ya kafeini ni ndogo mno. La pili ni ile "baa 19", kipimo cha presha, inayotangazwa kwa herufi kubwa. Huo ni uwezo wa juu wa pampu. Espresso yenyewe hutengenezwa kwa takribani baa 9, kwa hiyo usilipe zaidi kwa sababu ya 19 dhidi ya 15.

Na kuna mtego mmoja ambao wanunuzi wa vitu vilivyokwisha kutumika huingia. Nespresso ina kapsuli nyingine kabisa za maofisini, ziitwazo Professional. Ni bapa kama kidonge kikubwa. Haziingii kwenye mashine ya nyumbani, na za nyumbani haziingii kwenye mashine yake. Ofisi ikihama au ikifungwa, mashine na maboksi hayo huuzwa kwa bei ya kuvutia. Kabla hujafurahia bei, uliza umbo la kapsuli.

Jambo moja lilinigusa. Mwaka 2021 Nespresso ilitoa kahawa ya maeneo ya Ziwa Kivu na kuiita kwa Kiswahili kitupu, Kahawa ya Congo. Ilikuwa ya toleo la msimu, ikaja na kuondoka. Kahawa za kwetu huingia kwenye kapsuli hizi kwa njia hiyo hiyo: zinaondoka bandarini zikiwa buni kavu ndani ya magunia na kurudi zikiwa zimekaangwa, zimesagwa na kufungwa ng'ambo. Nitalirudia hili nikifika kwenye kapsuli za kujaza mwenyewe, kwa sababu ndipo tunapoweza kufanya kitu.

Vertuo

Vertuo ilitoka mwaka 2014, ikaanzia Amerika Kaskazini, ambako watu walitaka kikombe kikubwa. Haitegemei presha ya pampu kama ndugu yake. Kapsuli inazungushwa kwa kasi kubwa, hadi mizunguko 7,000 kwa dakika, na maji yanasukumwa kupita kwenye kahawa kwa mzunguko huo. Kwenye ukingo wa kapsuli kuna mistari ya msimbo, kama ile ya bei kwenye bidhaa za dukani. Mashine inaisoma na kujua yenyewe itoe maji kiasi gani. Unabonyeza kitufe kimoja tu, na kikombe ni kizuri, chenye povu jingi.

Ila msimbo huo huo ndio kufuli. Kapsuli karibu zote zinatoka Nestlé au kwa washirika wake, na bei wanaipanga wao. Kwa anayeishi Dubai, Muscat, London au Toronto, ambako duka liko jirani, hilo linavumilika. Kwa anayeishi Dodoma au Kisumu, siishauri.

Dolce Gusto, kwa wapenda maziwa

Hii nayo ni ya Nestlé, tangu mwaka 2006, na imelenga nyumba ambazo si kila mtu anakunywa kahawa tupu. Kuna kapuchino, kuna chokoleti ya moto ya watoto, kuna vinywaji vya chai. Hakuna chombo cha kupasha maziwa wala cha kuosha baadaye, kwa kuwa maziwa ni ya unga na yamo ndani ya kapsuli yake.

Hapo ndipo unapohitaji kuhesabu kwa makini. Vinywaji vingi vya maziwa vya Dolce Gusto vinatumia kapsuli mbili, moja ya maziwa na moja ya kahawa. Boksi la kapuchino lenye kapsuli 16 linatoa vikombe 8, si 16. Baadhi ya kapsuli hizo za maziwa zina sukari tayari, kwa hiyo nyumbani kukiwa na mwenye kisukari soma nyuma ya boksi kabla ya kumwekea kikombe. Na kama maziwa freshi hayakosekani kwenye friji yako, sioni sababu ya kulipia maziwa ya unga yaliyofungwa kwenye plastiki. Mashine ya Original na sufuria ndogo ya kuchemshia maziwa jikoni vitakupa kinywaji bora na cha nafuu.

Keurig, na mashine inayotumwa kutoka Marekani

Keurig ilianzishwa mwaka 1992 Massachusetts na John Sylvan na Peter Dragone. Mashine yake ya kwanza, ya mwaka 1998, ilikuwa ya maofisini. Hii haitoi espresso. Ni kahawa ya chujio, kikombe kimoja kimoja: maji ya moto yanapita kwenye kichujio cha karatasi kilichofichwa ndani ya kikopo cha plastiki. Kikombe ni kikubwa na chepesi, kama wanavyokipenda Wamarekani, na kwa ofisi ya Minneapolis au Columbus, ambako Waswahili wetu wengi wanafanya kazi, inafaa kabisa. Hataza za K-Cup zilikwisha mwaka 2012, na tangu hapo kampuni chungu nzima zinazitengeneza, ikiwemo ya chai na chokoleti.

Shida inaanza pale ndugu anapotaka kuituma nyumbani kama zawadi. Keurig za Marekani zimeundwa kwa umeme wa volti 120. Tanzania tunatumia 230, Kenya 240. Anayebadilisha plagi tu na kuichomeka atakuwa ameiua. Volti ikiwa mara mbili, kikanza kinavuta nguvu mara nne: cha wati 1,500 kinataka kuwa cha wati 6,000, na hakitadumu. Transfoma ya kuimudu mashine hiyo lazima iwe ya wati 2,000 hivi. Ni dude zito, la gharama, linalokaa mezani likipata moto. Bado hujapata K-Cup madukani. Ndugu yangu uliyeko Marekani, kama unataka kumpa mama kitu cha kahawa, mtumie fedha anunue mashine ya hapa.

Kutoka Ghuba hali ni tofauti. Oman na Emirates wanatumia umeme unaolingana na wetu, na plagi za pini tatu za mraba kama za Kenya na Tanzania, kwa hiyo mashine iliyonunuliwa Muscat inachomekwa Zanzibar bila kuongezewa kitu. Ya Ubelgiji au Ufaransa inafaa kwa volti. Dar au Mombasa itahitaji adapta ya plagi tu, na Bukavu au Bujumbura, wanakotumia pini mbili za duara, mara nyingi haihitaji hata hiyo.

Podi za karatasi

Senseo ni ya Philips na Douwe Egberts, ya mwaka 2001, na wenye ndugu Uholanzi au Ubelgiji huijua vizuri. ESE ni kipimo cha Kiitaliano kilichoasisiwa na illy: podi ya milimita 44, gramu 7 za kahawa iliyoshindiliwa kati ya karatasi mbili. Mashine kadhaa za kawaida za espresso zinaipokea. Podi hizi hazina kikopo cha alumini wala cha plastiki, na nyingi zikishatumika unaweza kuzitupa pamoja na maganda ya ndizi kwenye shimo la mboji. Udhaifu wao ni hewa. Karatasi haizuii hewa wala unyevu, kwa hiyo pwani, kwenye joto na unyevunyevu wa Tanga au Mombasa, nunua zile zilizofungwa moja moja. Pakiti kubwa ikishafunguliwa, kahawa inapoteza harufu haraka.

Pesa

Kapsuli huonekana rahisi kwa sababu tunaihesabu kwa kikombe. Ihesabu kwa kilo. Tuseme kapsuli ya gramu 5 inauzwa shilingi 1,500 za Tanzania. Kilo moja ni kapsuli 200, kwa hiyo kilo ya kahawa umeinunua kwa shilingi 300,000. Sasa nenda kwenye rafu ya kahawa ya unga dukani kwako utazame bei ya kilo ya kahawa nzuri ya Kilimanjaro au Mbeya. Mwenyewe Sylvan, aliyebuni K-Cup, alisema mwaka 2015 kwamba yeye hana mashine hiyo nyumbani, kwa kuwa kuitumia ni gharama na kahawa ya chujio si kazi ngumu kuitengeneza.

Hilo halinifanyi niseme kapsuli ni upotevu. Anayeishi peke yake, anayekunywa kikombe kimoja alfajiri kabla ya kukimbilia daladala, akifungua pakiti ya unga itamchukua wiki nyingi kuimaliza, na ya mwisho itakuwa imechacha. Kapsuli ya alumini inabaki na ladha yake kwa miezi. Yeye analipia kikombe kizuri ndani ya dakika moja, na akikipata ametendewa haki.

Ofisini hesabu inageuka. Watu 12, vikombe viwili kila mmoja, siku 22 za kazi: kapsuli 528 kwa mwezi. Kwa bei ile ile ya mfano ni shilingi 792,000. Na mashine ndogo za nyumbani hazikuumbwa kwa kazi hiyo. Essenza Mini, ambayo ni ya Original na inapendwa kwa udogo wake, ina tangi la lita 0.6 na kikapu cha kapsuli sita zilizotumika. Vikombe vitano vya mililita 110 na maji yamekwisha. Saa tatu asubuhi, foleni ikiwa imejipanga, mhudumu wa ofisi atashinda amesimama pale akijaza maji na kumwaga taka.

Ongeza umeme. Mashine hizi huvuta wati 1,200 hadi 1,500 zinapopasha maji. Inveta ndogo inayobeba taa na kompyuta umeme ukikatika haitaibeba. Kama ofisi yako inategemea betri saa kadhaa kwa wiki, muulize fundi kwanza.

Ushauri wangu kwa ofisi ya watu zaidi ya wanane ni kuacha kapsuli. Nunueni mashine ya chujio ya vikombe kumi au kumi na mbili, chupa nzuri ya chai ya kuhifadhia moto, na kahawa ya unga kwa kilo. Atakayetaka haraka awekewe kopo la Africafé pembeni, kahawa ya Bukoba hiyo, na hakuna wa kuidharau. Kapsuli ziwekwe kwenye chumba cha wageni, ambako vikombe ni vitano au sita kwa siku na kila mgeni ana lake. Ofisi ya watu watatu au wanne ni kama nyumba tu: Original inatosha.

Taka, na kapsuli ya kujaza

Mwaka 2016 jiji la Hamburg, Ujerumani, lilipiga marufuku kununua kapsuli za kahawa kwa fedha za umma katika majengo yake, sababu ikiwa takataka. Alumini inayeyushwa na kutumika tena, ni kweli, na Nespresso ina vituo vya kukusanya katika nchi nyingi. Lakini pasipo kituo, ahadi hiyo haina kazi. Kapsuli moja ina alumini ya gramu moja hivi. Muokota vyuma chakavu anahitaji kapsuli 1,000 zilizosafishwa ili apate kilo, na hakuna mwenye muda huo. Ukiwa nazo, angalau zipasue uso, umwage machicha kwenye bustani, uzikusanye kwenye gunia moja uzimpe kwa pamoja. Kapsuli za plastiki zilizochanganyika na karatasi na foili ni ngumu zaidi, kwa sababu lazima kila kitu kitenganishwe na kingine.

Ndiyo maana nazipenda kapsuli za chuma cha pua za kujaza mwenyewe. Zipo kwa Original, na Keurig nayo ina kikapu chake. Hiyo ndiyo njia iliyo wazi ya kunywa kahawa ya Mbinga, ya Nyeri au ya Mlima Elgon kwenye mashine ya kapsuli bila kusubiri kiwanda cha Ulaya kiichague, na fedha inabaki kwa mkaangaji wa hapa hapa. Kahawa yake isagwe laini, zaidi ya ile ya chujio lakini isifike unga wa kahawa ya dele. Jaza hadi ukingo, shindilia kidogo kwa kidole, futa chembe zilizobaki kwenye mdomo ili kifuniko kikae sawa. Kahawa ikitoka mbio na nyepesi, saga laini zaidi. Ikidondoka tone tone na mashine ikinguruma, umesaga laini mno. Kwa Keurig, saga ya wastani inatosha.

Kabla ya kulipa

Uliza duka lina kapsuli ngapi za aina hiyo rafuni leo, na muuzaji aliagiza lini mara ya mwisho. Geuza mashine usome volti chini yake: unataka 220 hadi 240. Kama imekwisha kutumiwa na mwingine, omba itoe kikombe kimoja mbele yako, kwanza cha maji matupu. Maji yakitoka kwa kusuasua, huenda ukoko wa chumvi umeziba njia, hasa ikiwa imetumiwa na maji ya kisima ya Dar es Salaam. Ukoko huo unaondolewa kwa dawa ya mtengenezaji, lakini bei ishushwe. Na wewe, kama maji yako ni ya kisima, tumia ya kunywa ya dumu tangu kikombe cha kwanza.